Isaya 53: Yanayodhaniwa na Yaliyoandikwa

Dhana: Wimbo wa Mtumishi wa Bwana ateswaye unaanza Isaya 53:1.

Unaanza 52:13 na kuishia 53:12. Ugawaji wa Biblia katika sura ni kazi ya karne ya 13 BK, na hapa ulikata wimbo vipande viwili. Anayeanzia 53:1 huruka mistari mitatu inayotangaza mwisho kabla ya maumivu: mtumishi atainuliwa juu sana, uso wake umeharibiwa kuliko wa mtu yeyote, na wafalme watamfumbia vinywa vyao. Ndiyo maana somo la Ijumaa Kuu kwa Wakatoliki huanzia 52:13. Ukiufundisha wimbo huu, fanya vivyo hivyo.

Dhana: Wayahudi wameificha sura hii kwa kuwa Wakristo humwona Yesu ndani yake.

Si kweli, na dai hili linawasingizia watu. Sura ya 53 imo katika kila Tanakh (Biblia ya Kiebrania) inayochapwa, na imo pia katika gombo kubwa la Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947, lenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Ni kweli kwamba haisomwi katika mzunguko wa masomo ya Sabato, lakini masomo yale ya manabii ni mateule tu, na sehemu kubwa ya Isaya haimo.

Wengine husema kwamba tafsiri ya kumwona mtumishi kuwa taifa la Israeli ilibuniwa na Rashi, mfafanuzi wa Ufaransa aliyefariki 1105, ili kuwakwepa Wakristo. Lakini Origen, mwalimu Mkristo aliyeandika karne ya 3, tayari anataja Wayahudi waliomjibu hivyo. Tena si Wayahudi wote waliosoma namna moja: Targumu, tafsiri ya kale ya Kiaramu, inamtaja Masihi katika 52:13, na Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi (Sanhedrini 98b), inauhusisha mstari wa 53:4 na Masihi. Msingi wa kulitaja taifa umo ndani ya kitabu chenyewe, kwa kuwa 41:8 na 49:3 zinamwita Israeli mtumishi. Lakini katika 49:5-6 mtumishi huyo anatumwa kumrudisha Israeli kwa Mungu. Hapo ndipo Mkristo anaposimama: yupo mmoja anayelibeba taifa zima na kulifanyia lile lililolishinda. Filipo, mhubiri wa kanisa la kwanza, alimhubiria habari za Yesu towashi wa Kushi, aliyekuwa akisoma sura hii garini na kuuliza nabii anasema habari za nani (Matendo 8:26-40). Hoja hiyo inajitosheleza bila kumsingizia mtu.

Dhana: Mtu akiteseka sana, ipo dhambi aliyoificha.

Sura hii inaivunja dhana hiyo. Wanaosema katika mstari wa 4 wanakiri hadharani kosa lao: "Lakini tulimdhania ya kuwa amepigwa, amepigwa na Mungu, na kuteswa." Walimtazama aliyeumia, wakatoa hukumu, na hukumu ikawa ya uongo. Mstari wa 5 unapindua kila kitu: makosa yalikuwa yao. Mstari wa 9 unafunga mjadala, kwa kuwa mtumishi hakutenda jeuri wala hakuwa na hila kinywani. Yesu alilikataa swali lile lile kuhusu kipofu tangu kuzaliwa (Yohana 9:1-3), na kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13:4). Inasikitisha kwamba hata leo mama aliyefiwa na mtoto huulizwa na waumini wenzake amekosa wapi. Swali hilo ni la wale wa mstari wa 4, kabla hawajatubu.

Laana za ukoo nazo hutafutiwa andiko katika manabii. Ezekieli 18:20 inasema wazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Madhara ya dhambi ya mzazi yanaweza kumfikia mtoto, kama deni au nyumba iliyovunjika, lakini hatia haimfikii.

Dhana: "Kwa kupigwa kwake sisi tumepona" maana yake aliyeokoka hapaswi kuugua wala kumeza dawa.

Kuhusu uponyaji, Agano Jipya linautumia wimbo huu kwa namna mbili, na zote mbili zihesabiwe. Mathayo 8:17 inanukuu mstari wa 4 Yesu alipoponya wagonjwa Kapernaumu, kwa hiyo uponyaji wa mwili umo. 1 Petro 2:24 inanukuu mstari wa 5 ikisema habari za dhambi, na waliokuwa wakiambiwa ni watumishi wa nyumbani waliokuwa bado wakipigwa na mabwana wakali (2:18). Viboko havikuwa vimekoma, na bado Petro aliwaambia wameponywa, kwa sababu walikuwa wamemrudia Mchungaji (2:25). Paulo naye alimwacha Trofimo, mwenzake wa safari, akiwa mgonjwa huko Mileto (2 Timotheo 4:20).

Isaya mwenyewe, mfalme Hezekia alipougua, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (38:21). Anayemwambia mgonjwa wa kisukari au mtumiaji wa ARV aache dawa kwa jina la Isaya 53:5 hana Isaya upande wake. Dozi ikikatizwa, ugonjwa hurudi kwa nguvu, na watu wamekufa hivyo.

Dhana: Kwa kuwa Yesu amelipa yote, aliyetubu hana tena deni kwa mtu.

Mstari wa 10 unasema nafsi ya mtumishi inafanywa sadaka, na sadaka inayotajwa ni ile ya hatia, iliyoelezwa katika Walawi 5 na 6. Ilitolewa na aliyekana amana, aliyenyang'anya, aliyemdhulumu jirani, au aliyeokota kitu cha mtu akaapa kwamba hajakiona. Hatua zake ni hizi. Anaungama (Hesabu 5:7). Anarudisha kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano, yaani aliyedhulumu shilingi 100,000 anarudisha 120,000. Anampa mwenyewe, siku ile ile anayoleta sadaka. Mwenye mali akiwa amekufa bila jamaa wa karibu, malipo yanakwenda kwa kuhani (Hesabu 5:8). Pamoja na hayo, kondoo dume asiye na kilema anapelekwa kwa kuhani ili upatanisho ufanyike.

Kristo, kwa imani ya Kikristo, amesimama mahali pa kondoo yule. Hakusimama mahali pa ile sehemu ya tano. Zakayo, mtoza ushuru tajiri, alilielewa hilo kwa haraka, akaahidi: nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, mara nne (Luka 19:8). Hakuununua wokovu, maana Yesu alikuwa ameshaingia nyumbani mwake. Naye Yesu alimwagiza anayeleta sadaka, akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake, ndipo arudi aitoe (Mathayo 5:23-24).