William Proxmire na hesabu ya matumizi ya serikali

Mwaka 1982 William Proxmire, seneta wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, alitetea kiti chake kwa kampeni iliyogharimu chini ya dola 200. Sehemu kubwa ya fedha hiyo iliishia kwenye stempu na bahasha za kuwarudishia wananchi michango ambayo hakuiomba. Alishinda bila taabu. Alikuwa ndani ya Seneti tangu 1957, na alipong'atuka Januari 1989 alikuwa amepiga kura zaidi ya 10,000 mfululizo pasipo kukosa hata moja.

Katika kazi yangu ya kuchambua bajeti na kuwaeleza wananchi namna ya kuzisoma, simfahamu mbunge anayefundisha zaidi yake. Alipatia sana, na pale alipokosea, kosa lake lina somo kubwa kama ushindi wake.

Jina lake lilivuma kwa sababu ya tuzo. Kuanzia Machi 1975 hadi anastaafu, kila mwezi aliitangaza taasisi ya serikali ambayo kwa maoni yake ilikuwa imefuja fedha ya umma kupita nyingine, akaikabidhi "Manyoya ya Dhahabu". Kwa Kiingereza neno hilo la manyoya ya kondoo, "fleece", lina maana ya pili: kumnyoa mtu mali yake mpaka asibakiwe na kitu. Ujumbe ulieleweka papo hapo. Anayenyolewa ni mlipakodi.

Tuzo ya kwanza iliangukia shirika la serikali linalogharamia utafiti wa sayansi, kwa kutoa dola 84,000 kuchunguza kwa nini watu hupendana. Magazeti yalichangamka, watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza raia wengi wakaona kwamba bajeti ina mafungu madogomadogo yanayoweza kusomwa na mtu yeyote. Hilo peke yake ni jambo kubwa. Bajeti ikifungiwa katika lugha ya wataalamu, mwenye fedha hawezi kuuliza swali.

Lakini tufanye hesabu. Mwaka ule wa 1975 serikali kuu ya Marekani ilitumia takriban dola bilioni 332. Dola 84,000 ndani ya kapu hilo ni kama senti moja katika kila dola 39,500. Hata tafiti mia moja za aina hiyo zingefutwa, nakisi isingetikisika. Kilichobeba uzito wa bajeti kilikuwa ulinzi, mafao ya wazee, matibabu na riba ya deni. Mafungu hayo hayachekeshi mtu, na kwa sababu hiyo hayapati vichwa vya habari.

Kwa hiyo nikiulizwa Proxmire alifanya lipi la maana zaidi kuhusu fedha ya umma, siitaji tuzo. Naanza na kikao kimoja cha Novemba 1968.

Jeshi la Anga lilikuwa limeingia mkataba na kampuni ya Lockheed mwaka 1965 kutengeneza ndege kubwa ya mizigo, C-5A. Proxmire, akiongoza kamati ndogo ya Kamati ya Pamoja ya Uchumi, alimwita A. Ernest Fitzgerald, mtumishi wa kiraia wa jeshi hilo aliyekuwa akifuatilia gharama. Swali lilikuwa jepesi: je, ni kweli kwamba gharama zitazidi makadirio kwa takriban dola bilioni mbili? Fitzgerald angeweza kuzungukazunguka. Hakufanya hivyo. Alikiri kwamba kiasi hicho kinaweza kufikiwa.

Bilioni mbili ni zaidi ya mara 23,000 ya utafiti ule wa mapenzi.

Kinachonivutia zaidi ni namna hali hiyo ilivyotokea. Ndege zilinunuliwa kwa mafungu, na mkataba ulikuwa na kanuni iliyoruhusu bei ya fungu la pili ipande kutokana na gharama zilizozidi katika fungu la kwanza. Maana yake, mkandarasi aliyevuka makadirio hakuumia kama inavyotarajiwa. Hasara ya mwanzo ilikuwa na njia ya kurudi. Hapakuwa na mtu aliyeiba sandukuni. Kila kitu kiliandikwa, kikasainiwa, kikahifadhiwa kwenye jalada ambalo wabunge wengi hawakulifungua.

Miradi mikubwa mingi hupita njia hiyohiyo. Makadirio ya chini ndiyo yanayopata kura. Kazi ikishaanza, fedha iliyokwisha kutumika inageuka hoja ya kuongeza nyingine: tumefika mbali mno, hatuwezi kuacha sasa. Ndiyo maana mbunge makini haulizi tu mradi unagharimu kiasi gani leo. Anauliza nani atalipa bei ikipanda, na kifungu gani cha mkataba kinasema hivyo. Fitzgerald alilipa kwa ajira yake: cheo chake kilifutwa, na ilimbidi apambane kwa miaka kurejeshewa kazi.

Proxmire alishinda baadhi ya mapambano na kushindwa mengine. Machi 1971 alikuwa mstari wa mbele Bunge lilipokata fedha za kubuni ndege ya abiria inayokwenda kasi kuliko sauti. Uingereza na Ufaransa ziliendelea na yao, Concorde, na ni ndege 14 tu zilizoingia katika huduma ya abiria, huku gharama za kuibuni zikibaki mgongoni mwa walipakodi. Mwaka huohuo alipinga dhamana ya mkopo wa dola milioni 250 kwa Lockheed iliyokuwa ikiyumba, akashindwa kwa kura 49 dhidi ya 48. Haki isemwe: dhamana ile haikuitia hazina hasara.

Naye alikuwa na upofu wake. Wisconsin ni jimbo la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mpango wa serikali wa kukinga bei ya maziwa, uliogharimu fedha nyingi, ulipata kura yake. Simlaumu kwa ukali. Faida ya fungu la bajeti huwaangukia watu wachache wanaojuana na wanaompigia simu mbunge wao. Gharama yake hutawanywa kwa mamilioni ambao kila mmoja hulipa kidogo asihisi. Ubadhirifu wa jimbo la mwenzako unaonekana haraka kuliko wa kwako.

Kosa lake zito lilikuwa kuupima utafiti kwa jina lake. Mwaka 1975 aliwapa tuzo waliomfadhili Ronald Hutchinson, mtafiti aliyechunguza namna nyani wanavyouma meno wanapokuwa na hasira. Hutchinson alimshtaki kwa kumchafulia jina. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kinga ya bunge hailindi taarifa anazosambaza seneta nje ya ukumbi. Proxmire alilipa dola 10,000 kutoka mfukoni mwake na kuomba radhi, lakini gharama za mawakili wake, zaidi ya dola 100,000, zilibebwa na Seneti, yaani na mlipakodi yuleyule.

Mwaka 1978 zamu ya kupewa tuzo ilikuwa ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kwa mpango wa kusikiliza mawimbi ya redio yanayoweza kutoka kwa viumbe wa nyota nyingine. Miaka mitatu baadaye alipitisha marekebisho ya kuunyima fedha kabisa. Ndipo Carl Sagan, mwanafalaki, akaenda ofisini kwake, wakaketi, akamweleza utafiti huo unatafuta nini na unatumia kiasi gani. Proxmire alisikiliza, na hakuupinga tena. Fedha zilirudi katika bajeti ya 1983.