Satoshi Ōmura, mkemia aliyetuletea dawa ya usubi

Wengi waliomeza kingatiba ya usubi, ugonjwa wa minyoo unaoharibu macho, au ya matende na mabusha hawajawahi kusikia jina la Satoshi Ōmura. Inafaa wamjue, maana ivamektini, dawa inayotumika katika kingatiba hizo, imetokana na udongo aliouchota yeye nchini Japani.

Ōmura alizaliwa mwaka 1935 Nirasaki, mkoa wa Yamanashi, katika familia ya wakulima. Alipohitimu chuo kikuu alifundisha sekondari ya usiku jijini Tokyo. Wanafunzi wake walishinda viwandani, na wapo walioingia kwenye mtihani mikono ikiwa bado na mafuta ya mashine. Bidii yao ilimgusa, naye akarudi kusoma kemia. Mwaka 1965 alijiunga na Taasisi ya Kitasato.

Huko alitafuta kemikali zinazotengenezwa na bakteria wa udongoni. Kila alikokwenda alibeba vifuko vya plastiki vya kuwekea udongo. Mwaka 1973 Kitasato iliingia mkataba na kampuni ya Merck ya Marekani: Ōmura atenganishe bakteria, Merck iwajaribu kwa wanyama. Udongo wa jirani na uwanja wa gofu wa Kawana ukatoa bakteria ambaye kemikali yake, avamektini, iliangamiza minyoo ya panya katika maabara ya William Campbell, mtafiti wa Merck. Wanakemia wakaiongezea atomi mbili tu za haidrojeni, ikawa ivamektini, salama na yenye nguvu zaidi. Ilianza kama dawa ya mifugo. Mwaka 1987 Merck ikaahidi kuitoa bure kwa wenye usubi, kwa kadiri na kwa muda wowote itakapohitajika. Ōmura na Campbell waligawana nusu ya Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2015. Nusu nyingine ilikwenda kwa Tu Youyou wa China, aliyegundua artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria.

Swali tunaloulizwa sana vijijini ni kwa nini dawa hairejeshi afya kwa dozi moja. Ivamektini huua minyoo wachanga wanaotambaa chini ya ngozi na kuharibu macho. Mnyoo mama hafi. Huacha kuzaa kwa miezi kadhaa, kisha huanza tena, naye huweza kuishi miaka 10 hadi 15. Kwa hiyo mgawadawa hurudi kila mwaka, penye maambukizi makali mara mbili, na fimbo yake ya kupimia urefu ili kujua umeze vidonge vingapi. Wajawazito, wagonjwa mahututi, mama aliyejifungua ndani ya wiki moja na mtoto asiyefika sentimita 90 hawapewi.