Maiki tano, mauzo kiduchu: Illmatic ilivyopokelewa

Albamu ikisifiwa na wahakiki halafu isiuzike, nani kasikia vibaya? Mtu akiniuliza hivyo, humrudisha kwenye Illmatic ya rapa Nas, iliyotoka tarehe 19 Aprili 1994. Jarida la hip hop la The Source liliipa maiki tano, alama yake ya juu kabisa, ambayo lilikuwa bahili nayo kupindukia. Msanii mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 20 kutoka mtaa wa Queensbridge, New York, na hiyo ndiyo albamu yake ya kwanza. Kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, ikaanzia namba 12, na haikupanda zaidi ya hapo. Miezi mitano kabla yake, Doggystyle, albamu ya rapa Snoop Dogg, ilikuwa imeingia namba 1 kwa takriban nakala 800,000 za wiki moja.

Ukitazama namba tu utasema wasikilizaji waliipuuza. Mimi siamini. MC Serch, aliyekuwa prodyuza mtendaji wa albamu hiyo, amesimulia jinsi kanda za wizi zilivyozagaa hata kabla haijaingia madukani. Mauzo humhesabu aliyelipa. Aliyejirekodia kutoka kanda ya jirani hahesabiki, na pengine ndiye aliyeikariri mstari kwa mstari. Dhahabu, yaani cheti cha nakala 500,000, ilikuja 1996. Platinamu, ya nakala milioni moja, ikafuata 2001, miaka saba baada ya kutoka! Albamu iliyokufa haitembei hivyo.

Halafu kuna umbo lake. Haifiki dakika 40, mgeni anayechana ni AZ peke yake, na viitikio havikubembelezi. Midundo imetoka mikononi mwa DJ Premier, Pete Rock, Q-Tip, Large Professor na L.E.S., yote ina vumbi la santuri za zamani za jazi na soul. Juu yake Nas hufumua vina katikati ya mstari, siyo mwishoni tu kama tulivyozoea, na sentensi yake huvuka mpaka wa mstari ikaangukia unaofuata. Ukiisikia mara moja inakupita. Mhakiki kazi yake ni kurudia mara kumi. Msikilizaji wa redio hupewa dakika nne, kisha matangazo.

Mwaka 1996 ikaja It Was Written, albamu ya pili ya Nas, na mambo yakageuka kichwa chini miguu juu. Maprodyuza Trackmasters kwenye midundo, mwimbaji Lauryn Hill kwenye kiitikio cha kibao cha redio, namba 1 moja kwa moja. Wahakiki wengi wakanuna: kijana kaiuza Queensbridge kwa redio. Hapo naona watu wa fani yangu ndio waliosikia vibaya, kwa sababu walikaa kusikiliza huku wakitafuta Illmatic nyingine. Ndani ya albamu hiyohiyo mna “I Gave You Power”, mdundo wa DJ Premier, ambamo anayesimulia ni bunduki yenyewe, imechoka kushikwa. Walionunua kwa ajili ya kile kibao cha redio waliikuta hiyo pia, bila kuambiwa na jarida lolote.

Leo ningeipa It Was Written maiki nne na nusu. Hiyo nusu naikata kwa sababu ya nyimbo mbili tatu ambazo mpaka sasa nikizifikia naziruka.