Hapana mama, hatujaganda: mnayoyasikia kuhusu kaskazini ya mbali na yalivyo

Kila nikipiga simu nyumbani Tanga maswali ni yaleyale, kwanza mmekula nini, la pili "bado hamjaganda tu?", na hapo ni Julai, mi niko kibarazani na kaptula nafukuza mbu. Nina miaka kadhaa sasa hapa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kama kilomita 350 juu ya mstari wa Aktiki, na nilichokigundua ni kwamba watu wanaogopa vitu ambavyo sivyo, yaani wanaogopa baridi na giza, halafu wanaumizwa na vitu vingine kabisa ambavyo hakuna aliyewaambia. Nami nilikuja hivohivo. Basi ngoja niyaseme haya ninayoulizwa sana, hasa na wale wanaotaka kuja kusoma au kutembea, mengine nitayapita haraka.

"Huko si ni hasi hamsini?"

Sio Tromsø. Wastani wa Januari ni kama nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri, na baridi kali kuliko zote waliyowahi kupima hapa mjini ni kama hasi 18, Februari 1966. Bahari yenyewe haigandi, kuna mkondo wa maji ya uvuguvugu unapanda kutoka Atlantiki unaifuata pwani yote ya Norwei, ndio maana maboti ya wavuvi yanaingia na kutoka katikati ya Januari kama hakuna kilichotokea. Hiyo hasi hamsini ipo kweli ila ni bara, Karasjok walipima hasi 51.4 tarehe 1 Januari 1886 na mpaka leo ndio rekodi ya Norwei. Kwa hiyo pwani na bara ni vitu viwili, ni kama kumtoa mtu Tanga mjini saa nane mchana na kishati chake ukamshushe Lushoto usiku wa Julai halafu aambiwe ni mkoa uleule.

Sasa kinachotuumiza sisi wa pwani ni utelezi. Januari yangu ya kwanza theluji ilianguka wiki nzima ikashindiliwa na magari na miguu ya watu, halafu usiku mmoja joto likapanda mvua ikanyesha juu yake, asubuhi ikaganda. Barabara ikawa kama sakafu ya vigae iliyomwagiwa sabuni. Nimetoka na buti langu zuri la mtumba, nimepiga hatua nne, ya tano niko chini nimekalia mfupa wa mkia, na wakati naangalia mbingu nasikia chaki chaki chaki, bibi wa kama miaka themanini huyo ananipita na mfuko wake wa mkate, wala hapunguzi mwendo. Ananiangalia miguu, anatingisha kichwa, ananyanyua kiatu chake nione chini. Ana meno ya chuma! Yanaitwa brodder, ni mpira unauvalisha juu ya kiatu chochote, chini una vichuma. Nilinunua siku hiyohiyo na wiki nzima nilikaa upande. Ukija huku kununua jaketi la bei mbaya kabla ya brodder umekosea hesabu.

"Jaza nguo tu, nzito nzito"

Hapa binamu yangu anayebeba mizigo Kilimanjaro angewafundisha hata maprofesa. Yeye anasema adui wa kwanza mlimani ni jasho lako mwenyewe, na ni kweli tupu. Ukijifunga makoti matatu ukaanza kupanda, dakika kumi umelowa, ukisimama upepo ukikupiga ile fulana iliyolowa inakunyonya joto lote mwilini. Na fulana zetu ni za pamba, pamba ikilowa haikauki leo wala kesho. Watu wa huku wanasema pamba ni kifo. Unaanza na nguo nyembamba ya sufu inayogusa ngozi, juu yake sweta, juu kabisa kitu cha kuzuia upepo na maji, halafu unaondoka nyumbani ukiwa unasikia kabaridi kidogo, ukianza kupanda utapata moto. Akiba ya sweta na glovu inakaa kwenye begi. Na soksi mbili kwenye kiatu kinachobana ni kosa jingine, vidole vinakosa damu na joto la mguu linaletwa na damu.

Wanaosema kinywaji kikali kinapasha mwili: kinapasha ngozi. Mishipa inafunguka damu inakimbilia juu unajisikia moto, kumbe joto la ndani ndio linatoka hivo.

"Miezi miwili giza totoro, watu wanalala"

Ni kweli jua halichomozi kuanzia kama tarehe 27 Novemba mpaka 15 Januari. Lakini kutochomoza sio kwamba usiku haukatiki. Jua linapita chini kidogo tu ya upeo, kwa hiyo kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana kuna mwanga, na mwanga wenyewe ni wa bluu, theluji bluu, milima bluu, bahari bluu, siku nyingine upande wa kusini panakuwa pinki kama ndani ya kombe. Sijawahi kuona rangi ile sehemu nyingine na sina jina lake. Watoto wanaenda shule, watu wanaenda kuteleza na ski na tochi kichwani, njia za ski zina taa mpaka usiku, na katikati ya giza hilo, Januari, watu wanakimbia nusu marathoni barabarani. Kila mtu ana kitu cha kung'aa kwenye nguo ili dereva amuone, ukivaa nyeusi tupu utagombezwa na mtu usiyemjua.

Ila sitawadanganya, inachosha. Unaamka hujui umeamkia wapi. Na sisi wenye ngozi nyeusi tusifanye mchezo na vitamini D, jua la hapa miezi mingi ni hafifu mno kwa ngozi zetu, mwenyewe nakunywa mafuta ya ini la samaki kila siku na harufu yake nimeshaizoea, siku hizi hata kahawa nainywa juu yake.

Hapo tarehe 15 jua linarudi kwa hesabu za wataalamu, lakini milima inaliziba, mjini linaonekana tarehe 21. Siku hiyo foleni ya maandazi ya jua, yaani maandazi ya mviringo yenye jemu ndani, inatoka nje ya duka. Na mara nyingi kuna mawingu hulioni, unakula andazi lako unarudi kazini.

"Ile mianga ya kijani inakuja kila usiku wa baridi"

Baridi haihusiki. Mianga hiyo, aurora, inatokana na chembe za kutoka kwenye jua zinazogonga hewa huko juu kilomita 100 na zaidi, oksijeni ndio inatoa ile kijani. Hata Juni inawezekana ipo ila mbingu ni nyeupe utaionaje. Unachohitaji ni giza na anga safi, kwa hiyo Septemba mpaka mwanzo wa Aprili, na adui yako ni wingu. Nimeona watu wanakuja usiku tatu, usiku zote tatu mvua, wanaondoka na picha za mvua. Na kamera inazidisha, macho yako siku nyingine yataona kitu kama moshi mweupe tu ukajisikia umeibiwa, subiri, ikichachamaa inacheza kama pazia limeshikwa na upepo na hapo hutauliza tena habari za kamera.

Saa za Kiswahili zinakufa huku

Hii sio dhana ya mtu mwingine, ni yangu. Nilikuwa naamini saa ni saa. Kumbe saa zetu zimetengenezewa ikweta, saa kumi na mbili jua linatoka, saa kumi na mbili linazama, unahesabu. Kuanzia tarehe 20 Mei mpaka 22 Julai jua halizami kabisa, unamwambia mtu "tukutane saa sita" anakuuliza ya usiku au mchana, na kweli huwezi kujua kwa kuangalia dirishani. Mwaka wa kwanza nililala kwa muda wa saa tatu tu kila siku, nikaona jirani anakata majani saa tano usiku nikadhani kachanganyikiwa. Pazia zito jeusi ndio dawa, halafu ujilazimishe.

Ndugu Waislamu wananiuliza Ramadhani inakuwaje, na wengi wanafikiri mtu anafunga miezi miwili bila kufuturu. Hapana, wapo wanaofuata saa za Makka, wapo wanaofuata za mji ambao jua linachomoza na kuzama, masheikh wameshalizungumza hilo. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni, jua kutwa kucha. Mwaka 2030 itaanza Januari mwanzoni ambapo jua halionekani kabisa. Na kwa kuwa mwezi unarudi nyuma, mwaka huohuo itaanza nyingine Desemba mwishoni, nayo gizani.

"Angalau hamna mbu"

Aisee. Hamna malaria, mbu wapo. Bara kule Finnmark wakati wa kiangazi theluji imeyeyuka kila mahali ni vidimbwi, wanatoka kama moshi, unavaa wavu kichwani ndio unywe chai. Na joto lipo pia, Julai 2021 pale Banak walipima nyuzi 34.3, Tanga hapo mtu anaomba feni.

"Ukipiga kelele mlima unaporomoka"

Hii ya sinema ndio inaniudhi kuliko zote kwa sababu inawafanya watu wanyamaze halafu wapite palepale pabaya. Sauti ya mtu haiporomoshi theluji. Uzito wa mtu mwenyewe ndio unaporomosha. Sehemu kubwa ya wanaokufa, maporomoko wameyaanzisha wenyewe au mwenzao wa msafara, kwenye mteremko wa digrii 30 na zaidi. Kuna tovuti ya serikali inaitwa Varsom inatoa kiwango cha hatari 1 hadi 5 kila siku, na hapo kuna mtego mwingine, mtu akiona 3 anasema aah katikati, tuko salama. Vifo vingi vinatokea siku za 3. Ukifunikwa, tegemea wenzako ndani ya dakika 10 mpaka 15 za kwanza, kwa hiyo kila mtu anavaa kifuani kifaa cha mawimbi cha kuwaonyesha wenzake alipo, na kubeba fimbo ndefu ya kuchomea theluji na sepeto, na anajua kuvitumia. Helikopta inakuja, ila inakuja baadaye.

Wanorwei wana kanuni 9 za mlimani, zilianza miaka ya 1950, ya nane inasema rudi mapema, kurudi sio aibu. Sisi tukishalipa nauli tunataka kileleni. Mwezi Machi mwaka jana mi na wenzangu wawili tumerudi tukiwa tunakiona kilele kwa macho, pengine dakika arobaini tu zimebaki, upepo umegeuka tu yule anayeijua milima akasema basi. Nilinuna mpaka kwenye gari. Hakuna kilichotokea mlimani siku ile, mteremko uko palepale, ila sasa hivi nikipangiwa safari nauliza kwanza kama yule anayeijua milima anaenda.

Wasami na reindia wao

Wasami ni wenyeji wa asili wa huku kaskazini, na sio wote wanafuga, wengi ni walimu, wavuvi, manesi, wafugaji ni wachache. Na reindia, hao jamii ya kulungu, wanaoonekana wanazurura hata kisiwani Kvaløya hapa karibu sio wa porini, kila mmoja ana mwenyewe na alama ya mwenyewe imekatwa sikioni. Usimuulize mfugaji ana reindia wangapi. Nilimuuliza mmoja akacheka akaniuliza "na wewe benki una shilingi ngapi?" nikakumbuka Wamasai na ng'ombe wao, nikaomba radhi. Mwaka wa Wasami una misimu 8, sio minne, na ukikaa huku unaelewa, kile kipindi cha Machi na Aprili jua kali na theluji bado mita mbili huwezi kukiita masika wala baridi. Tarehe 29 Aprili 1997 hapa mjini theluji ilifika sentimita 240, Aprili hiyo jamani.

Dubu weupe: hawapo, wako Svalbard, visiwa vya Norwei vya mbali zaidi kaskazini. Pengwini: wako kusini ya dunia.

"Chakula ni cha makopo"

Januari mpaka Aprili samaki wa chewa wa Aktiki wanashuka kutoka bahari ya Barents kuja kuzaa, hasa kule Lofoten, wanaanikwa kwenye chanja za miti nje, kavukavu, bila chumvi, baridi inazuia nzi na upepo unakausha. Mtu wa pwani ukipita chini ya zile chanja pua inakwambia ng'onda. Nimempikia mwenyeji wangu na nazi, kaomba tena.

Na matunda ya porini, sheria ya 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea na kulala na hema hata kwenye ardhi ya mtu isiyolimwa, mradi uwe mita 150 kutoka nyumba yake. Wageni wanadhani basi na multe, yale matunda ya rangi ya chungwa ya kwenye majimaji, unachuma popote. Huku kaskazini mwenye ardhi anaweza kukukataza, utakula papo hapo tu. Na hata asipokukataza, hakuna atakayekuonyesha pa kuchumia. Mwenzangu wa kazini, mtu mwema, kanifundisha ski, kanipa sweta la marehemu baba yake, kila Septemba ananiletea kikopo cha multe. Nikamuuliza unachuma wapi. Akaangalia dirishani muda mrefu, akasema "huko juu."