Kuogelea Chali Si Kulala Kama Ubao

Mzazi mwingine kanifuata ukingoni mwa bwawa baada ya gala (mashindano ya kuogelea): "Kocha, si nilikuambia mtoto alale kama ubao? Ona sasa, kaondolewa kwa kujigeuza." Nilimjibu kwa adabu, maana yeye ndiye anayelipa ada. Hapa najibu bila adabu.

Hakuna mwogeleaji wa chali mwenye kasi anayelala kama ubao. Hayupo.

Tuanze na kanuni, maana uvumi huu unazaliwa huko. World Aquatics, shirikisho la kimataifa la kuogelea, wanataka ubaki chali, lakini wanaruhusu mwili ujigeuze ubavu mradi usifikie nyuzi 90 kutoka usawa wa maji. Kichwa hakimo kabisa katika hesabu hiyo. Kwa hiyo mtoto wako hakuondolewa kwa kuviringisha mabega katikati ya bwawa. Aliondolewa kwenye kona, pale anapogeuka ukutani: alilalia tumbo ili apige kichwangomba, akamaliza kuvuta mkono, kisha akaendelea kuteleza akipiga miguu kuutafuta ukuta. Ukishalala tumbo una mvuto mmoja tu usiokatika, wa mkono mmoja au wa yote miwili kwa pamoja, na kugeuka kuanze hapo hapo. Asiyejua ukuta uko wapi ahesabu mizungusho ya mikono yake kuanzia kwenye bendera. Zimetundikwa mita 5 kabla ya ukuta kwa kazi hiyo. (Mabwawa yasiyo na bendera yana hasira yake, nitaiandika siku nyingine.)

Sasa kwa nini tujigeuze? Simama, mgongo uguse ukuta, nyoosha mkono juu, halafu jaribu kuusukuma nyuma ya mstari wa mgongo. Mbali na ukuta wenyewe, bega nalo litakataa. Ndivyo ilivyo majini. Ukilala bapa, mkono hauna pa kwenda ila pembeni, juu juu, unavuta mapovu. Nguvu inatoka ubavuni badala ya kuelekea miguuni, na makalio yanaanza kuyumba kushoto na kulia. Viringisha bega upande wa mkono unaoingia uone: kiganja kinazama, kiwiko kinakunjika kikiangalia sakafu ya bwawa, na unashika maji kwa kiganja na mkono wote hadi kwenye kiwiko. Bega la pili linatoka nje, hivyo maji hayalizuii. Kidole kidogo kiingie kwanza, mstari mmoja na bega. Gumba litoke kwanza pajani. Magoti yasitokeze juu ya maji. Hayo mengine mnayajua.

Wanaoniudhi zaidi kuliko wa ubao ni waliosikia nusu. Wakiambiwa "jigeuze", wanageuza kila kitu, mpaka pua inatazama kamba inayotenganisha njia za waogeleaji. Kichwa hakigeuki! Masikio yako majini, macho yako juu, kidevu hakijabanwa kifuani (ukikibana, nyonga zinashuka na unaogelea umekaa). Halafu kuna suala la wakati, na hapa hata makocha wenzangu wanaharakisha. Bega la mkono uliomaliza kuvuta na sasa unarudi mbele hutangulia kutoka majini, mkono ukifuata. Wengi hurusha mkono kwanza, bega linakuja limechelewa, na mgongo wa kiganja unapiga maji kofi. Ukisikia kofi kila mkono unapoingia, huna haja hata ya kutazama.

Mtafuteni Kirsty Coventry wa Zimbabwe, dhahabu ya mita 200 chali Athens 2004 na tena Beijing 2008. Au Aaron Peirsol wa Marekani, aliyeogelea umbali huo huo kwa 1:51.92 kule Rome mwaka 2009. Ndiyo, ulikuwa mwaka wa zile suti za kuogelea za kuongeza kasi, zilizopigwa marufuku baadaye, lakini suti haikumgeuzia mabega.

Kujigeuza kiasi gani? Vitabu vinatoa namba kwa ujasiri. Mimi husema nyuzi 30 hadi 45, na hata hiyo usinishikie: anayekimbiza mita 50 kwa mikono ya haraka hana nafasi ya kugeuka kama wa mita 200. Na lile somo kwamba nyonga ndizo zinazoanzisha mgeuko, nililofundishwa na ninalofundisha, imani yangu kwalo inapungua. Wenye kasi ninaowaona, nyonga zao hugeuka kidogo kuliko mabega. Huenda zinafuata tu. Naendelea kulifundisha kwa sababu ukimwambia mtoto "mabega", anageuza shingo.

Zoezi ninalowapa ni hili: chupa ndogo yenye maji kiasi kwenye paji la uso, mikono ubavuni, piga miguu tu huku ukitoa bega moja nje ya maji, kisha la pili. Chupa ikitulia, ongeza mkono mmoja. Ikianguka, rudi mwanzo. Na iwe ya plastiki, tafadhali.