Debian haitolewi kiholela

Wengi hudhani kwamba mfumo endeshi unaotengenezwa na watu wa kujitolea hauna mwenyewe: kila mtu anaingiza msimbo apendavyo, mpaka siku moja toleo linatangazwa. Sivyo hata kidogo. Tazama Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993.

Kifurushi kipya, yaani programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa, huingia kwanza katika tawi liitwalo sid, mkusanyiko wa programu ambazo bado hazijatulia. Hapo husubiri, kwa kawaida siku 2 hadi 10 kulingana na uharaka wake. Kikikutwa na hitilafu nzito mpya, hakivuki kwenda tawi la majaribio, ambako toleo lijalo huandaliwa, hata kama aliyekileta ni mkongwe wa mradi.

Miezi kadhaa kabla ya toleo, milango huanza kufungwa hatua kwa hatua. Timu ya matoleo, nayo ya kujitolea, hukataa mabadiliko makubwa. Katika hatua za mwisho, anayeomba ruhusa ya kuingiza badiliko huonyesha mstari kwa mstari alichobadilisha, na sababu yake. Kusoma maombi hayo moja baada ya jingine ni kazi ya kuchosha, nami naiheshimu kuliko zote.

Debian 12 ilitoka Juni 2023, Debian 13 Agosti 2025. Toleo likishatoka, hupokea hasa marekebisho ya usalama na ya hitilafu kubwa. Ndiyo maana programu zake nyingi hazibadiliki kwa muda mrefu, jambo ambalo watu hulidhania uzembe.