Maana ya "raise someone's hackles"

Mwingereza akisema kauli fulani "raised his hackles", maana yake kauli hiyo ilimkera mtu huyo, naye akakaa tayari kujihami. Hackles ni manyoya marefu membamba yanayofunika shingo ya jogoo. Baadaye neno likawashika na mbwa: kwao ni nywele za kuanzia kisogoni, zikapita mabegani na mgongoni hadi shina la mkia.

Watazame majogoo wawili waliokutana uani. Wanainamisha vichwa na kukaziana macho, manyoya ya shingo yamefunguka pande zote kama mwavuli. Bado hawajarukiana. Hasira inayotajwa na msemo huu ni ya hatua hiyo hasa, kabla ya teke la kwanza. Waingereza waliijua vizuri sura hiyo, kwani kupiganisha majogoo kwa kamari kulikuwa jambo la kawaida kwao hadi sheria ya 1835 ilipopiga marufuku.

Kwa mbwa, kila unywele una msuli mdogo sana chini ya ngozi. Akishtuliwa, mishipa ya fahamu pamoja na adrenalini huukaza msuli huo, na unywele unasimama. Hafanyi kusudi, kama nasi tusivyoweza kuyazuia malaika ya mikono yasisimame kwa baridi. Anaonekana mkubwa kuliko alivyo, na adui anafikiri mara mbili. Ila usihukumu kwa nywele peke yake: mbwa mwenye hofu, hata aliyechangamkia mchezo, nywele humsimama pia. Angalia mwili kama umekakamaa, midomo kama imefunua meno, na masikio yameelekea wapi.

Tafsiri huharibika hapo hapo. Kwa Kiswahili, nywele zikimsimama mtu tunaelewa ameogopa: kaona chatu, au kasikia kishindo usiku wa manane. Ukiandika "nywele zilimsimama" mahali pa "her hackles rose", msomaji atamwona mwanamke mwenye hofu, kumbe ameudhika. "Alipandwa na mori" nayo imezidi, maana mwenye mori keshafika kwenye kupigana. Bora uiache picha ya mnyama, useme "maneno yale yalimkera, akaanza kujihami". Wakiwa wengi, na wanalalamika waziwazi, "kuja juu" inafaa sana: "The plan to cut allowances raised hackles" ni "Mpango wa kupunguza posho uliwaudhi wafanyakazi, wakaja juu."

Kinachochokoza katika msemo huu kwa kawaida ni neno, pendekezo au kitendo, na hackles hubaki katika wingi. Hackle ya umoja ipo, lakini ni nyoya lenyewe la shingoni, lile ambalo wavuvi wa trauti hulizungusha kwenye ndoana ili samaki adhani ni mdudu.